Mabinti wa Gahanga

Jumapili ya tarehe 22 Januari 2023 nilikuwa ndani ya bedsitter yangu kule Zimmerman, laptopu mapajani, nikimwandikia mtu insha. Hiyo ndiyo kazi niliyoingilia baada ya kuacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo iliponishinda. Mwanafunzi wa ng'ambo analipa, mimi naandika, yeye anapata digrii. Siku hiyo insha ilikuwa ya usimamizi wa hospitali na ilikuwa imenichosha vibaya. Nikashika simu nipumzike kidogo, na hapo ndipo nikakutana na matokeo ambayo ilibidi niyasome mara mbili.

Kombe la Dunia la kriketi kwa wasichana wasiozidi umri wa miaka 19, Afrika Kusini. West Indies wametolewa wote kwa mikimbio 70. Rwanda wamefika 71, wakipoteza wiketi sita. Nahodha wa Rwanda, Gisele Ishimwe, amesimama hadi mwisho na mikimbio 31, hajatolewa.

Rwanda? Hii Rwanda yetu ya hapa jirani?

Kwa wale wasiofuatilia mchezo huu, acha niwawekee mizani. West Indies ni timu ya muungano wa nchi za Karibi, kina Jamaica, Barbados na Trinidad, watu ambao kwao kriketi ni kama ugali. Wanawake wao wakubwa walitwaa Kombe la Dunia la T20 mwaka 2016. Rwanda nayo haikuwa imewahi kutia mguu kwenye Kombe la Dunia la kriketi la aina yoyote ile, wanaume au wanawake, wakubwa au chipukizi. Ndiyo mara ya kwanza wanaingia, na tayari wamemwangusha West Indies.

Baadaye nikaona video. Mabinti wanaimba, wanacheza, wengine wanalia machozi ya kweli. Insha ya hospitali ikabidi ingoje. Nilikuwa na swali ambalo halijaniacha hadi leo. Sisi Kenya tuna viwanja vya kriketi ambavyo Waingereza na Wahindi walivilima kabla nyanya yangu hajazaliwa. Rwanda haikuwa na hata kimoja hadi juzi. Sasa hawa walifikaje huko?

Nje ya ua

Nimekulia Pangani, na mjomba wangu alikuwa akikata nyasi kwenye klabu moja ya kriketi ambayo sitaitaja. Likizo zikifika nilikuwa namfuata kazini. Wavulana wa mtaa walikuwa wakijipanga nje ya ua wa miti, na mpira ukiruka huko nje wanaukimbilia na kuurudisha. Wakati mwingine mchezaji mmoja angewaita ndani wamrushie mipira ya mazoezi. Niliporudisha mpira mimi, nilipewa asante, na ua ukafungwa.

"Mjomba, wasichana huwa hawachezi?" nilimuuliza siku moja.

"Mama, nimekata hii nyasi miaka kumi na mbili," akaniambia. "Sijaona msichana akivaa zile pedi."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa ananiambia alichokiona. Ukitazama historia ya kriketi ya Kenya, kweli mchezo ulipitishwa kama urithi wa shamba, kutoka kwa kaka hadi kaka. Maurice na Edward Odumbe. Tom, David na Steve Tikolo. Martin na Tony Suji. Kennedy Otieno na ndugu zake Collins na David Obuya. Hao ndio waliotupa raha ya mwaka 1996, tulipowapiga West Indies kule Pune, na ya mwaka 2003, tulipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Nilikuwa na miaka mitano wakati huo. Ninachokumbuka ni redio ya mjomba na makelele.

Katika familia ya kina Ngoche pekee ndipo utakuta jambo tofauti linalojulikana. Kaka wanne, Lameck Onyango, Nehemiah, James na Shem, waliichezea Kenya, na dada zao wawili, Margaret Ngoche na Mary Bele, nao wakaichezea timu ya wanawake. Margaret akawa nahodha. Lakini hata hapo dada alipitia mlango wa kaka. Msichana ambaye hakuwa na kaka ndani ya ua, alibaki nje kama mimi.

Na isiwe tunadhani hii ni tabia ya Nairobi peke yake. Klabu ya MCC ya London, iliyoanzishwa mwaka 1787 na ambayo ndiyo inayotunza sheria za kriketi hadi leo, ilikubali wanawake kuwa wanachama mwaka 1998. Miaka 211. Na ajabu ni kwamba Kombe la Dunia la kwanza la kriketi lilikuwa la wanawake! Lilichezwa Uingereza mwaka 1973, miaka miwili kabla ya lile la wanaume. Wanawake walibuni kitu, wanaume wakaja wakakichukulia kama chao, na kwa miongo mingi wanawake wakaendesha mchezo wao kando, na vyama vyao na vijisenti vyao. Baraza la Kimataifa la Kriketi, yaani ICC, liliungana na baraza la wanawake mwaka 2005 tu.

Basi weka hilo akilini tukivuka kwenda Kigali.

Mchezo uliorudi na wakimbizi

Rwanda ilitawaliwa na Wajerumani, kisha Wabelgiji. Kriketi haikuwa kwenye mizigo ya hao wawili. Hakukuwa na klabu ya wakoloni, wala jumuiya kubwa ya Wahindi yenye viwanja vyake kama ilivyokuwa Nairobi, Mombasa, Kampala au Dar es Salaam.

Mchezo uliingia na watu waliokuwa wakirudi nyumbani. Familia za Kinyarwanda zilizokuwa zimeishi uhamishoni Uganda, Kenya na Tanzania, baadhi kwa zaidi ya miaka 30, zilianza kurejea baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Vijana wao walirudi na Kiingereza, na Kiswahili, na mapenzi ya vitu walivyovikuta shuleni huku kwetu. Kimojawapo kilikuwa kriketi. Mwaka 1999 wakaunda chama cha kriketi cha Rwanda. Mwaka 2003 kikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa ICC. Huo ndio mwaka ambao sisi tulikuwa Durban tukicheza nusu fainali.

Uwanja waliocheza ulikuwa Kicukiro, ndani ya Kigali, kwenye shule ya ufundi iliyojulikana kama ETO. Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu jina hilo si la kupita haraka. Aprili 1994, zaidi ya watu 2,000 walikimbilia ndani ya shule hiyo kwa kuwa wanajeshi wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa walikuwa wamepiga kambi hapo. Tarehe 11 Aprili wanajeshi wale waliamriwa kuondoka. Waliondoka na magari yao, na watu wakaachwa na wanamgambo waliokuwa wakingoja nje. Wengi walipelekwa kwa miguu hadi kilima cha Nyanza, karibu na hapo, wakauawa.

Miaka kadhaa baadaye, kwenye uwanja wa shule hiyohiyo, vijana wakawa wanarusha mpira. Sitasema kwamba kriketi iliponya kitu. Watu wa nje wanapenda sana sentensi hiyo. Nchi ile ilikuwa inaanza upya karibu kila kitu, na mchezo huu ulikuwa mpya kwa kila mtu. Hakuna baba aliyeweza kumwambia binti yake kwamba kriketi ni ya wanaume, manake hata yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuiona. Wanaume walitangulia, ndiyo, lakini hawakutangulia kwa karne. Mafundi walipoanza kuzunguka mashuleni, yakiwemo mashirika kama Cricket Without Boundaries kutoka Uingereza ambayo yalichanganya mazoezi na mafunzo kuhusu Ukimwi, walikuta darasa lenye wavulana na wasichana, na wote hawajui. Wakawafundisha wote.

Kwa hiyo faida ya kwanza ya mabinti wa Rwanda ilikuwa hii: kiti kilikuwa hakijakaliwa. Lakini kiti kitupu hakikupi timu ya taifa. Mahali pengi pana viti vitupu na hakuna aliyekaa. Ilibidi vitu vingine vitatu vije, na kila kimoja kilikuja kwa jasho lake.

Kalenda

Cha kwanza ni kalenda. Mwaka 2014, miaka 20 baada ya mauaji, Rwanda ilianzisha mashindano ya kriketi ya wanawake yanayoitwa Kwibuka. Neno hilo ni la Kinyarwanda na maana yake ni kukumbuka. Mzungumzaji wa Kiswahili halimpi shida. Huchezwa ndani ya zile siku 100 za maombolezo, kati ya Aprili na Julai, na kwa kawaida huwa ni mwezi wa Juni.

Fikiria uamuzi huo. Wangeweza kukumbuka kwa mechi moja ya wanaume, hotuba na maua. Badala yake waliwaita wanawake wa nchi jirani, mwaka baada ya mwaka. Na bila kujua, au pengine wakijua kabisa, wakawa wametatua tatizo kubwa kuliko yote kwenye michezo ya wanawake Afrika, nalo ni kukosa mechi. Timu nyingi za wanawake ni za kuitwa. Kuna mchujo wa ICC, wachezaji wanakusanywa wiki mbili, wanasafiri, wanapigwa, wanarudi, kisha kimya miaka miwili. Huwezi kumlea mchezaji namna hiyo. Mtu hujifunza kuchezea shinikizo kwa kulichezea, si kwa kuambiwa.

Kwibuka ikawapa Wanyarwanda shinikizo la kila mwaka, nyumbani kwao, mbele ya watu wao. Na ikawapa majirani vilevile. Hili tuliseme bila aibu: kuna wasichana wa Kenya, Uganda na Tanzania ambao mechi zao za kimataifa walizicheza Kigali kuliko walivyozicheza nyumbani. Mwaka huohuo wa 2014 ndio Kenya ilipoteza hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja za wanaume, na kriketi yetu ikaanza kuteremka ngazi ambazo hadi leo haijazipanda tena. Wakati sisi tunalumbana maofisini, jirani alikuwa anaandaa meza na kutualika tule.

Uwanja

Cha pili ni uwanja. Uwanja wa ETO ulikuwa wa kuazima, na nchi ilihitaji wake. Shirika la Rwanda Cricket Stadium Foundation likaanza kuchangisha pesa Uingereza na Rwanda ili kujenga uwanja Gahanga, kusini mwa Kigali.

Mwaka 2016 nahodha wa wanaume, Eric Dusingizimana, alikaa kwenye neti akipiga mipira kwa saa 51 ili kutafuta fedha hizo. Ikawa rekodi ya dunia. Habari zake zilifika kila mahali. Ya aliyemfuata hazikusikika sana huku kwetu, kwa hiyo mimi nitakaa nazo kidogo.

Februari 2017, Cathia Uwamahoro, mchezaji wa timu ya taifa ya wanawake, aliingia kwenye neti jijini Kigali. Alikuwa na umri wa miaka 23. Akapiga mipira kwa saa 26. Asubuhi, mchana, jioni, usiku wa manane, alfajiri, asubuhi tena. Masharti ya rekodi hizi huruhusu dakika chache tu za kupumzika kila saa. Watu wakawa wanapokezana kumrushia, wanakwenda kula, wanakwenda kulala, wanarudi wanamkuta yuko palepale na gongo lake. Alipotoka alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya wanawake.

Mimi huwaza juu ya usiku ule, kama saa tisa hivi. Mtu amesimama tangu jana. Viganja vimevimba. Anajenga uwanja ambao bado ni mchoro. Nimesoma sana hadithi za viwanja, na karibu zote zina tajiri mmoja, waziri mmoja na mkasi wa kukata utepe. Hii ina matajiri pia, na ina wageni mashuhuri, lakini ina na binti wa miaka 23 aliyelipa sehemu ya matofali kwa mikono yake. Siku uwanja wa Gahanga ulipofunguliwa, Oktoba 2017, hakuna aliyeweza kumwambia mwanamke kwamba amekaribishwa kwa hisani. Alikuwa mmoja wa waliojenga.

Uwanja wenyewe ni mzuri. Jengo la wachezaji lina mapaa matatu ya mviringo yaliyojengwa kwa vigae vyembamba vya udongo wa hapohapo Rwanda, na umbo lake linafuata njia ya mpira unaodunda. Ukiona picha yake utaelewa mara moja.

Hadhi

Cha tatu kilitoka mbali, Dubai, yaliko makao makuu ya ICC. Mwaka 2018 baraza hilo liliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo, kila mechi ya T20 kati ya timu za taifa za wanawake za nchi wanachama itahesabiwa kuwa ya kimataifa. Zamani hadhi hiyo ilikuwa ya nchi chache. Sasa msichana wa Kigali akipata wiketi, inaingia kwenye vitabu vilevile alivyoandikwa mchezaji wa Australia.

Uamuzi huo una pande mbili, na pande zote mbili zilionekana Gahanga mwezi wa Juni 2019.

Kwenye Kwibuka ya mwaka huo walikuja Uganda, Tanzania na wageni wapya kabisa, Mali. Tarehe 18 Juni, Mali wakacheza na Rwanda. Mali walitolewa wote kwa mikimbio sita. Sita. Mmoja tu ndio uliotokana na gongo. Mitano iliyobaki ilikuwa ya ziada, ile inayopatikana mpira ukimpita kila mtu au mrushaji akikosea. Rwanda walimaliza kazi kwa mipira minne. Siku mbili baadaye Uganda wakawapiga Mali mikimbio 314 kwa wiketi mbili, na Mali wakajibu na kumi. Zote zikawa rekodi za dunia wakati huo, na kwa kuwa sasa kila mechi inahesabiwa, dunia nzima ikazisoma, na wengi wakacheka.

Na mimi nilicheka, nakiri. Nilikuwa bado chuoni, mtu akatuma ile skoo kwenye grupu, tukaichezea siku nzima. Nilipokuja kuandika makala haya nilirudi kuisoma tena, na haikunichekesha. Wale walikuwa wasichana wadogo kutoka nchi ambayo kriketi haina mizizi, wamesafirishwa hadi upande wa pili wa Afrika, wakawekwa mbele ya watu ambao wamekuwa wakikutana kila Juni kwa miaka. Tofauti ya Mali na Rwanda siku ile haikuwa damu wala kipaji. Ilikuwa Juni kadhaa na uwanja mmoja. Rudisha saa nyuma kidogo tu, na Rwanda ndio Mali.

Tena hata Rwanda hawakushinda kombe hilo. Tanzania ndio walioondoka nalo.

Januari ya Afrika Kusini

Mwaka 2020 korona ilifunga kila kitu. Mwaka 2021 Kwibuka ikarudi, na Kenya, ndiyo, Kenya yetu, ikaichukua kwa kuifunga Namibia kwenye fainali. Mwaka 2022 Brazil na Ujerumani wakaja pia, na Tanzania wakalitwaa tena. Kwa hiyo miaka yote hiyo mwenye nyumba alikuwa anapika na wageni wanakula minofu. Ukiwa na haraka ungesema mpango umefeli.

Lakini chini ya wakubwa hao kulikuwa na wadogo zao, waliokuwa wakiutazama mpira wa kimataifa kila mwaka bila kulipia nauli ya ndege. Septemba 2022 mchujo wa Afrika wa wasichana wasiozidi miaka 19 ulifanyika Botswana. Rwanda ikashinda tiketi ya Kombe la Dunia la kwanza kabisa la umri huo.

Kundi lao lilikuwa na Pakistan, Zimbabwe na Uingereza. Pakistan wakawafunga. Kisha ikaja Zimbabwe, nchi yenye historia ndefu ya kriketi na nchi anakotoka kocha wa Rwanda mwenyewe, Leonard Nhamburo. Rwanda walipata mikimbio 119, wakaingia kulinda. Mwishoni mpira ukawa mkononi mwa Henriette Ishimwe. Akatoa mpigaji. Mpira uliofuata, akatoa mwingine. Na mwingine. Na mwingine. Wiketi nne kwa mipira minne mfululizo, mechi ikaisha Zimbabwe wakiwa 80. Ushindi wa kwanza wa Rwanda kwenye Kombe la Dunia la kriketi, kwa mikimbio 39.

Uingereza wakaja wakawanyamazisha, kwa kipigo kikubwa. Halafu ndio ile Jumapili ya West Indies.

Kuna hesabu moja niliyoifanya usiku huo kwenye karatasi. Ili ucheze kwenye mashindano yale ilibidi uwe umezaliwa Septemba 2003 au baadaye. Nusu fainali yetu ya Durban ilikuwa Machi 2003. Maana yake hakuna hata binti mmoja pale uwanjani aliyekuwa amezaliwa siku Kenya inacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia, katika nchi hiyohiyo ya Afrika Kusini. Umri wao wote, kuanzia kuzaliwa hadi kumtoa West Indies, ndio muda ambao sisi tumekuwa tukikumbushana kuhusu 2003.

Juni mwaka huohuo, Rwanda wakashinda Kwibuka yao kwa mara ya kwanza, wakiwafunga Uganda kwenye fainali. Mara ya kwanza tangu 2014. Baadhi ya waliolinyanyua kombe walikuwa wale wadogo wa Januari.

Kisichothibitishwa

Nisije nikaandika hadithi ya kulala watoto. Rwanda haijawa Australia. Kombe la Dunia la chipukizi liliporudi, Januari 2025 kule Malaysia, Rwanda hawakuwepo. Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini na Nigeria, na Nigeria wakawafunga New Zealand. Furaha ya Januari ya Rwanda ikawa na mrithi mwingine. Na timu ya wakubwa ya Rwanda bado inatafuta njia ya kwenda Kombe la Dunia lake.

Kuna pia neno la kusemwa kuhusu jinsi tunavyoisimulia. Vyombo vya nje vikiandika juu ya mabinti hawa, aya ya kwanza huwa ni 1994, hata kama mchezaji anayetajwa alizaliwa miaka kumi baadaye. Nami nimepita ETO, siwezi kujitoa. Historia ile ni ya kweli na mashindano yenyewe yamebeba jina lake. Lakini Henriette Ishimwe hakuwatoa Wazimbabwe wanne kwa huzuni ya taifa. Aliwatoa kwa mipira iliyonyooka, aliyoirusha mara elfu na elfu kwenye uwanja wenye nyasi zilizokatwa vizuri, huku kukiwa na mechi nyingine inayokuja. Hayo ni mambo ya kupangwa, na nchi yoyote inaweza kuyapanga.

Na hapo ndipo linaponiuma kama Mkenya. Ukitoa kile kiti kitupu, vile vitu vingine vyote sisi tulikuwa navyo kwanza. Uwanja tulikuwa navyo vingi. Hadhi tulikuwa nayo ya juu kuliko yao. Kalenda ingekuwa kazi ya barua chache na mabasi mawili. Wachezaji tunao, si tuliona 2021? Walikwenda Kigali na kombe wakalileta. Tulichokosa ni mtu wa kufungua ua.

Mjomba amestaafu sasa, anaishi Kitengela. Mwaka jana nilimtembelea, nikamwonyesha kwenye simu vipande vya mechi za Gahanga. Ilikuwa siku ya jua, mabinti wamevaa jezi za njano na buluu, mrushaji anakuja mbio kutoka mbali. Mjomba akavaa miwani. Akatazama hadi mwisho, akaniambia nirudishe mwanzo, akatazama tena. Nikadhani atasema kitu juu ya wasichana na pedi.

"Mama," akasema, "hiyo nyasi nani anaikata?"

Sikujua. Nikamwambia lazima kuna mtu.

"Lazima," akasema. "Hiyo ni kazi ya kila siku."